Simba na sindano ya nne
Leo mbwa wetu Simba kapigwa sindano ya nne jamani, ule uvimbe wa sehemu za siri, ile kansa mbwa wanaambukizana wakipandana, umebaki kama punje ya mahindi. Dawa inaitwa vinkristini, asili yake ni yale maua ya pinki ya Madagaska watu wanapanda uani. Dokta wa mifugo anaiingiza kwenye mshipa taratibuu maana ikivujia nje nyama inaoza.

Sasa mi nilijua dawa yote inatoka na mkojo, kila akiinua mguu kwenye migomba nakimbia na ndoo ya maji kuosha mabaki ya dawa, kumbe nalinda mlango siyo 😂 Dokta kaniambia hii ini ndo linaivunjavunja, inashuka na nyongo mpaka utumboni, nyingi inatoka na kinyesi, mkojo kidogo tu. Ya kusumbua kibofu ni saiklofosfamaidi, dawa nyingine ya kansa, mabaki yake yanapita kwenye figo, mbwa anaweza akakojoa damu.

Basi asubuhi na hii baridi ya Uyole niko na glavsi na kimfuko naokota mavi ya mbwa kwenye viazi, mama mkwe ananichungulia dirishani, hajasema kitu bado.