Usiniombe nikununulie bunduki kwa jina langu

Juzi nimeitwa mwoga, na aliyeniita ni kijana ninayemheshimu, Mtanzania mwenzangu anayesoma hapa Texas kwa visa ya F-1. Alikwenda kwenye maonyesho ya silaha akaikuta bunduki ya SKS, ileile ambayo mgambo wetu wanaiita SAR. Ilikuwa imepangwa mezani pamoja na Mosin-Nagant za Warusi na Lee-Enfield za Waingereza, kila moja na karatasi ya bei, kama mitumba ya Karume. Akanipigia: "Bro, wewe una green card. Ninunulie, hela natuma sasa hivi." Nilipokataa, nikaambiwa nimeogopeshwa na Wazungu, mbona hapa hata bibi kizee ana bunduki.

Bibi kizee huyo ni raia, mdogo wangu.

Ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni unajaza fomu namba 4473, na karibu mwanzoni kabisa inakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Nikijibu ndiyo huku hela ni zako, nimedanganya serikali kuu, na kifungo chake ni hadi miaka 10. Tangu sheria ya 2022, anayemnunulia mtu aliyekatazwa silaha anaweza kufungwa hadi 15. Usiseme ni maneno ya vitisho. Abramski, aliyewahi kuwa polisi Virginia, alimnunulia anko wake bastola, na anko mwenyewe aliruhusiwa kabisa kumiliki silaha. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikasema, majaji 5 kwa 4, kosa ni kosa. Raia huyo. Mimi nikipatikana na hatia ya silaha, nikimaliza jela naweza kurudishwa nyumbani, na green card yangu haitanikinga.

Sasa wewe. Mwenye visa ya muda, masomo au utalii, sheria ya Marekani inamkataza kununua na hata kushika bunduki, isipokuwa awe na ruhusa maalumu, na iliyo rahisi kupata ni leseni hai ya uwindaji. Kununua kwa mtu binafsi asiyekuuliza karatasi hakukuokoi, kwa sababu kuwa nayo mkononi ndilo kosa lenyewe. Kuna Rehaif, mwanafunzi kutoka Falme za Kiarabu aliyekuwa Florida. Alifeli, chuo kikamwondoa, visa ikapoteza nguvu, yeye akabaki. Akaenda kwenye uwanja wa shabaha, akakodi bunduki, akapiga risasi. Alihukumiwa miezi 18. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu kwa sababu mahakama ya chini haikuwataka waendesha mashtaka kuthibitisha kwamba alijua hadhi yake imekwisha, lakini usitegemee mlango huo wewe unayejua vizuri visa yako ni ya nini.

Wengine hudhani ukuukuu wa bunduki unaisamehe. Sheria ya shirikisho inaihesabu ya kale ikiwa imetengenezwa mwaka 1898 au kabla. Mosin ya 1943, hata iwe na kutu na mbao zimepasuka, ni silaha kamili. Ikifikisha miaka 50 inaweza kununuliwa kwa leseni ya mkusanyaji, dola 30 kwa miaka mitatu, ila leseni hiyo hapewi aliyekatazwa silaha. M1 Garand za CMP, shirika linalouza bunduki zilizotumika na jeshi la Marekani, zinataka uraia. Hata mimi siruhusiwi.

Na bangi. Mmehamia majimbo ambako inauzwa dukani kwa risiti, mnasahau kwamba fomu ile ya 4473 inauliza kama unaitumia, tena inaonya kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi katazo la Washington. Ukiivuta, usiijaze fomu hiyo.

Basi anayetaka kweli aanze na leseni ya uwindaji kwa jina lake, aulizie sheria za jimbo lake, kisha alipe kwa hela yake, dukani, na karatasi zake mkononi. Kama anabadilisha chuo au visa inakaribia kuisha, asubiri kwanza.

Kuna wanaouliza kama inaweza kufichwa ndani ya kontena pamoja na gari la kwenda Dar. Kuitoa hapa kunataka kibali cha serikali ya Marekani, na kuiingiza kwetu kunataka cha Tanzania. Nyumbani hata shotgun ya kulindia mifugo barua inaanzia mtaani, inapanda hadi polisi na kamati za ulinzi na usalama, na mnajua inakaa huko muda gani. Ikikutwa bandarini bila kibali, atakayekamatwa ni yule ndugu uliyemtuma kupokea mzigo.