Nilivyofanikiwa Kupiga Picha za Taswira Katika Maji ya Tope

Wapiga picha wengi ninaokutana nao Dodoma huamini kwamba taswira nzuri ya majini, yaani sura ya vitu inayoakisiwa na uso wa maji, huhitaji ziwa lenye maji maangavu, na kwa kuwa mabwawa yetu hupokea udongo wa makorongo kila mvua inyeshapo, huona ni afadhali kusubiri safari ya mbali. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957 kaskazini mashariki mwa jiji, ndilo lililonithibitishia kwamba maji ya kahawia nayo hutoa taswira kamili ya vilima, mibuyu na mawingu.

Taswira hutokea kwenye uso wa maji, wala haitegemei usafi wa yaliyo chini yake. Kinachoififisha ni mwanga wa jua unaopenya ndani, ukatawanywa na chembe za udongo, kisha ukarudi juu ukiwa na rangi ya tope. Kwa sababu hiyo hutafuta mahali ambapo maji yaliyo mbele yangu yamo kivulini, huku ng'ambo ninayoipiga picha ikiwa tayari imeangazwa. Asubuhi hukaa ukingo wa mashariki, mahali penye miti au mwinuko nyuma yangu, nikaielekeza kamera magharibi. Maji ya karibu hubaki meusi kwa muda mfupi, na juu ya weusi huo rangi za ng'ambo hukolea ajabu. Naipenda saa hiyo kuliko saa nyingine yoyote ya kazi hii.

Kimo cha kamera kina uzito uleule. Ukiyatazama maji yaliyotulia kutoka juu moja kwa moja, uso wake hurudisha asilimia 2 hivi tu ya mwanga, lakini mtazamo unaposhuka ukakaribia kulala juu ya maji, hurudisha zaidi ya nusu. Kuna sababu nyingine ya kushuka, ambayo huonekana tu ukilinganisha picha mbili kwa utulivu: taswira si nakala ya kitu, bali huonyesha kitu hicho kama kingeonekana na jicho lililo chini ya maji, kwa umbali sawa na ule wa kamera iliyo juu yake. Mbuyu ulio nyuma kidogo ya ukingo unaweza kuonekana mzima nchi kavu, ilhali majini shina lake limekatwa na ukingo huo. Kadiri kamera inavyoshuka, ndivyo shina linavyorudi. Huitandaza miguu ya stendi kabisa na kulala kifudifudi, baada ya kuwauliza wavuvi kama mahali hapo ni salama.

Upepo ndio mtihani mkubwa wa nyanda hizi, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba. Ardhi ikiwa imepoa usiku kucha, alfajiri hewa hutulia. Jua likishapasha nchi, viwimbi huanza na kazi huisha. Machi na Aprili hunipendeza zaidi, kwani bwawa limejaa na mvua imeosha vumbi la angani.

Kuhusu mipangilio ya kamera, fokasi naiweka kwenye mti wenyewe, si kwenye uso wa maji, kwa kuwa kwa lenzi taswira iko mbali kama mti ulivyo, ukihesabu njia yote ya mwanga. Tundu la lenzi la f/11, ambalo ni dogo kiasi, hunitosha. Mwanga naupima angani ili mawingu yasiungue yakawa meupe matupu, kisha kwenye kompyuta nayaongezea maji mwanga kiasi, bila kuyafanya yang'ae kuliko anga, maana kwa kawaida taswira huwa nyeusi kuliko kitu chake. Filta ya polaraizi, kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, naivua: mtazamo ukiwa na pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka usawa wa maji, inaweza kuifuta karibu taswira yote.

Asiyeweza kufika Hombolo apande miamba ya matale iliyotapakaa Dodoma na Singida siku inayofuata mvua. Mabonde madogo ya juu ya miamba hiyo huhifadhi maji kwa muda, na dimbwi lenye upana wa sinia, lenzi ikikaribia kugusa maji, hubeba anga zima na jabali la jirani. Hapo fokasi huwa ngumu zaidi, kwa kuwa ukingo wa dimbwi u karibu mno. Mimi hupiga picha mbili, moja kwa ukingo na moja kwa jabali, kisha nikaziunganisha.