Koloni lenye rangi mbili

Kulwa aliniuliza juzi, huku anatikisa kidude chake cha pumu: "Shangazi, si mlisema mimi na Doto tumetoka kwenye yai moja? Mbona yeye hana pumu?" Wifi akanitupia jicho la haya, daktari, jibu sasa. Udaktari wangu si wa kutibu watu, lakini katika ukoo wetu tofauti hiyo haijawahi kumwingia mtu akilini. Nikamwambia jeni ni zilezile, ila si lazima zisomwe sawasawa kwa kila mtu. Akaguna, akaenda zake. Mguno ule umenirudisha Edinburgh.

Enzi hizo nilikuwa nashinda na hamira. Ndiyo, hamira hii hii ya maandazi, Saccharomyces cerevisiae kwa jina lake la ubatizo. Mama alipoambiwa kwenye simu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Umepanda ndege kwenda kusomea hamira? Mbona kwa Mangi zimejaa." Nikamweleza kwamba ina jeni kama 6,000, kwamba mwaka 1996 ilitangulia viumbe wote wenye kiini cha seli kusomwa DNA yake nzima, na kwamba namna inavyowasha na kuzima jeni zake inatufundisha mengi kuhusu sisi wenyewe. Akajibu, haya mwanangu, umekula?

Mimi nilipewa ncha za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba DNA ndani ya seli. Mwaka 1990 Daniel Gottschling na wenzake walionyesha kwamba jeni nzima, isiyo na kasoro yoyote, ukiipandikiza karibu na ncha hizo inaweza kunyamazishwa. Jeni tuliyoitumia ni ADE2. Seli ambayo ADE2 yake haifanyi kazi inashindwa kumaliza kutengeneza adenini, moja ya herufi za DNA. Kile kinachokwama njiani hugeuka rangi nyekundu na kurundikana ndani yake. Ikifanya kazi, seli hubaki nyeupe. Basi, huhitaji mashine ya bei mbaya, macho yako yanatosha.

Ilikuwa asubuhi ya Februari, kiza bado hakijaondoka dirishani. Sahani zangu za kuoteshea hamira zilikuwa zimetoka kwenye joto la nyuzi 30 na kulazwa kwenye friji ili wekundu ukolee. Nikafuta mvuke kwenye kifuniko kwa mkono wa koti, nikaiinua ya juu kwenye taa. Makoloni, yaani vifungu vya seli za hamira zilizoota pamoja, yalikuwa meupe, ya mviringo, lakini mengi yalikuwa na kabari nyekundu iliyoanza nyembamba karibu na katikati na kupanuka hadi ukingoni. Mojawapo lilikuwa na kabari nyekundu, na ndani ya wekundu huo mchirizi mweupe, mwembamba kama uzi. Nililigeuza geuza. Koloni zima limezaliwa na seli moja, DNA ni ileile kutoka ukingo hadi ukingo. Pale kabari inapoanzia, seli moja iliizima jeni. Watoto, wajukuu na vilembwe wakafuata. Kisha mmoja wao akaasi, akaiwasha tena, na uzao wake ndio ule mchirizi.

Nilisimama pale hadi vidole vikaanza kufa ganzi kwa ubaridi wa sahani.

Maelezo yake yapo. Protini za Sir2, Sir3 na Sir4 huikunja ile ncha ya kromosomu, na jeni iliyo ndani huwa kama jina la kanga iliyokunjwa: maandishi yapo, hakuna wa kuyasoma. Ukiifuta SIR3, jeni inayotengeneza Sir3, makoloni yote yanakuwa meupe. Hiyo nimeifanya, na ni kweli. Ila inaeleza namna ya kuzima tu. Kwa nini seli hii na si jirani yake, hapo ndipo pagumu. Na kutoka hapo hadi kifua cha Kulwa ni mbali sana. Pumu ina vumbi lake, mafua yake na moshi wake, na pengine sikupaswa kumjibu kwa haraka vile.

Tuachane na hayo. Nilichokonoa upande mwekundu kwa kijiti cha meno, na mweupe kwa kingine, nikaviotesha upya. Nyekundu ilizaa zaidi nyekundu, nyeupe zaidi nyeupe, na kila upande ukatoa waasi wake. Nikampelekea profesa.

"Hawa wamegeuka kwa nini?" akauliza, kalamu juu ya waasi.

"Bahati, nadhani."

"Bahati si jibu," akasema. Akazitazama tena sahani, muda mrefu kuliko kawaida yake. "Lakini andika hivyo hivyo kwenye daftari."

Nikaandika. Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini kutoka nje akafungua ukurasa uleule na kuuliza swali lilelile. Nikampa jibu lilelile kwa maneno marefu zaidi, lenye uwezekano na mabadiliko ya nasibu ndani yake. Akatikisa kichwa kukubali, akaniambia nirekebishe michoro.