Ramani iko mezani tangu Januari

Meza ya chakula hapa Denver haina nafasi tena ya sahani. Nataka kuondoka Prudhoe Bay, Alaska, kwa pikipiki mwishoni mwa Juni, niingie Ushuaia, kusini kabisa mwa Ajentina, mwezi Desemba, wakati kule ni kiangazi.

Nilidhani kigumu ni umbali. Kumbe ni Darién! Barabara inakatika Yaviza, Panama, halafu inaanza tena upande wa Kolombia. Katikati ni kama kilomita 100 za msitu na vinamasi. Kwa hiyo pikipiki itapanda ndege Panama City hadi Bogotá: unapunguza mafuta, unachomoa waya za betri, unalipa, unasubiri.

Jana nimepima tanki langu. Likijaa linanifikisha kilomita 330, na kule Alaska, kutoka Coldfoot hadi Deadhorse, mji wa Prudhoe Bay, ni kama 385 bila kituo cha mafuta hata kimoja. Nikanunua dumu la lita 10, nikalifunga nyuma kwa mpira kama bodaboda wa kwetu Moshi. Tuta la kwanza tu likalala upande. Sasa nimelishusha chini kushoto, mbali na ekzosi, na limetulia kabisa.

Mama kanipigia jioni. "Baba, utalala wapi huko?" Nikamsomea polepole: Whitehorse, Oaxaca, Cusco, Uyuni. Akanyamaza, kisha akasema nimtumie picha ya kila mji, hata kama ni usiku wa manane kwao.