Siku moja maabara Kigoma: kuisaka lipesi kwenye kiini cha yai

Lipesi ni kimeng'enya cha bakteria kinachovunja mafuta; tunaisaka kwa kuwaotesha bakteria kwenye sahani zenye kiini cha yai.

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya chai, jicho kwanza kwenye kiashiria cha rezazurini (rangi inayoonyesha kama oksijeni ipo) ndani ya mtungi wa bakteria wasiotaka oksijeni. Kikiwa hakina rangi, sawa. Kikibaki cha waridi, sahani za humo hatuziamini hata kama zimeota. Mara nyingi mchawi ni vumbi kwenye mpira wa kifuniko, au unyevu umelemaza kichocheo cha paladi, kile kinachoondoa oksijeni mtunguni. Hicho tunakirudisha ovenini, 160°C kwa saa 2.

Saa 3:00. Mayai, ya kuku wasiopewa antibayotiki, maana mabaki ya dawa yanaweza kuzuia bakteria kuota. Yanasuguliwa, yanalowekwa kwenye spiriti ya 70% saa nzima. Viini vinatengwa na ute, vinakorogwa na maji ya chumvi ya 0.85%, nusu kwa nusu. Mililita 50 za rojo hilo zinaingia kwenye mililita 450 za agari (jeli ya kuoteshea bakteria) iliyopoa hadi 50–55°C. Wengi wanaharibia hapa: agari ikiwa ya moto mno, kiini kinaiva na sahani inageuka mayai ya kuvuruga. Chupa izungushwe taratibu, isitikiswe, mapovu yatakusumbua.

Saa 5:30. Kupanda bakteria wa sampuli, pamoja na vidhibiti viwili, yaani bakteria wanaojulikana wa kulinganishia: Clostridium sporogenes na Clostridium perfringens. Mtunguni upesi, 37°C.

Saa 8:00 mchana. Sahani za juzi, zimetimiza saa 48. Fungua kifuniko, inamisha sahani chini ya taa moja ya pembeni. Lipesi inavunja mafuta ya kiini, asidi zake haziyeyuki, zinatanda juu ya koloni: utando unaomeremeta rangirangi, kama mafuta ya injini ya boti juu ya maji pale Kibirizi. Ukitazama wima kutoka juu, unaukosa. Weupe mzito uliozama ndani ya agari kuzunguka koloni ni kitu kingine, kazi ya lesithinesi, kimeng'enya kinachovunja lesithini ya kiini. Ndiyo alama ya perfringens, ambayo haina lipesi. Sporogenes ni kinyume chake.

Clostridium botulinum nayo hutoa lipesi, na kwa sahani hii pekee hutaitofautisha na sporogenes. Kwa hiyo sampuli inayoshukiwa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya botulinum, haiendelezwi hapa mezani. Inafungwa kwa ajili ya maabara ya rufaa.

Saa 10:00 jioni. Zisizomeremeta zinarudi mtunguni. “Hasi” haiandikwi kabla ya siku ya 7.