Prado kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17: nilivyopima spidi na kilomita

Mshale wa spidi haujui gari linakwenda kasi gani. Dashibodi inahesabu mizunguko tu, kisha inazidisha kwa mzingo wa tairi uliowekwa kiwandani. Ukifunga tairi kubwa zaidi, kila mzunguko unakula barabara zaidi na dashibodi haina habari. Ndiyo maana nilipima kila kitu kabla ya kununua matairi mapya, nikapima tena baada ya kuyafunga.

Watu wengi huulizia rimu kwanza. Rimu peke yake haisemi kitu, kinachohesabika ni kipenyo cha gurudumu zima. Chukua upana wa tairi kwa milimita, zidisha kwa asilimia ya kimo chake, zidisha kwa 2, kisha ongeza rimu (inchi moja ni milimita 25.4). Kwa 265/65R17: 265 × 0.65 ni 172.25; mara mbili ni 344.5; ongeza 431.8 za rimu, unapata milimita 776.3. Sasa piga hesabu ya 265/60R18, ambayo ina rimu kubwa zaidi: 318 + 457.2 = 775.2. Tofauti ni milimita moja, mshale hautahisi chochote. Lakini 265/70R17, yenye rimu ileile ya 17, inafika 802.8, yaani asilimia 3.4 zaidi. Na 285/70R17, ambayo mafundi wengi watakushawishi uchukue kwa sababu inapendeza machoni, ni 830.8: asilimia 7.

Kwa gari dogo hesabu ni ileile. Tairi la 175/65R14 lina milimita 583. Ukiweka 195/50R15 unashuka hadi 576 na mshale utazidi kutia chumvi, yaani kusoma zaidi ya spidi halisi. Ukiweka 195/50R16 unapanda hadi 601, kama asilimia 3.

Karatasi ni karatasi, kwa hiyo nilipima na gari lenyewe. Jaza upepo kama kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinavyosema, gari likiwa limepoa, na dereva awe ameketi ndani. Simama kwenye sakafu ya sementi iliyo sawa. Piga alama ya chaki kwenye ubavu wa tairi pale chini kabisa linapogusa sakafu, na nyingine sakafuni papo hapo. Sukuma gari mbele taratibu, bila kukata usukani, mpaka alama ya tairi irudi chini mara tatu, kisha piga chaki tena sakafuni. Nilichagua mizunguko mitatu kwa sababu tepu ya kawaida ya mita 8 inatosha. Nilipata mita 7.10 kwa 265/65 na mita 7.34 kwa 265/70. Usishangae ukipata pungufu ya kipenyo mara 3.14: tairi likibeba uzito linabonyea, na mzingo wake halisi barabarani huwa mdogo kwa asilimia chache kuliko wa kwenye hesabu.

Hapa pana mtego. Ukipima tairi lililochakaa ukalilinganisha na jipya, tofauti itavimba. Matairi yangu ya zamani yalibakiwa na kashata (meno ya tairi) za milimita 3, mapya huanza na kama 8. Hizo 5 unazihesabu pande zote mbili, kwa hiyo kipenyo kinapungua milimita 10, asilimia 1.3 nzima bila kubadili saizi. Kwa hiyo kipimo cha 265/65 nilikichukua kwa kufunga spea ambayo haijawahi kukanyaga lami.

Kipimo cha barabarani kilifuata. Nilitumia simu yenye programu ya GPS kwenye kipande kilichonyooka, tambarare, mbali na vijiji vyenye vibao vya 50. Mtu wa pili ndiye anayesoma simu. Dereva kazi yake ni kushikilia mshale mahali pamoja. GPS huchelewa kidogo, hivyo subiri sekunde kama kumi spidi itulie kabla ya kuandika. Soma kwenye 50, 80 na 100 za dashibodi, kwenda na kurudi. Kama simu haina programu hiyo, tumia saa na nguzo za kilomita za barabarani: kilomita moja kwa sekunde 45 ni 80 kwa saa, kwa sekunde 36 ni 100.

Kwa matairi yaliyochakaa, dashibodi ilipoonyesha 100 gari lilikuwa likienda 94. Huo si ubovu. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, ambayo magari ya Ulaya na mengine mengi hutengenezwa kwa kuifuata, inasema mshale usionyeshe kamwe chini ya spidi halisi, ila unaruhusiwa kuzidisha hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Ukienda 80 ya kweli, mshale unaruhusiwa kusoma hadi 92. Mtengenezaji anajiwekea nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua uongeze tairi kiasi gani.

Baada ya kufunga 265/70 mpya, 100 ya dashibodi ikawa 98 na ushee. Mshale umekuwa mkweli zaidi kuliko ulivyotoka kiwandani, na bado hausomi chini. Ningechukua 285/70, 100 ya dashibodi ingekuwa karibu 102, na kwenye kibao cha 50 ungejiona uko salama huku tochi ya trafiki ikisoma 51. Kilomita moja si kitu mpaka ukutane na askari asiye na utani.

Kuhusu nafasi: 265/70 inainua gari milimita 13 tu, na kwangu haikugusa popote. Usipime kwa macho, lakini. Kata usukani hadi mwisho, upande mmoja kisha mwingine, rudi nyuma ukiwa umekata, halafu panda tuta gurudumu moja kwa pembe. Tairi likigusa, utaona alama nyeusi kwenye madigadi au plastiki ya ndani ya bawa. Kwa 285/70 bila kuinua gari, sehemu inayosumbua ni nyuma ya gurudumu la mbele, kwenye madigadi na mguu wa bodi (pale bodi inaposhikwa kwenye chasisi). Angalia pia namba ya uzito baada ya saizi: 112 maana yake kilo 1,120 kwa tairi. Usishuke chini ya iliyokuwepo, hata muuzaji akiapa.

Nilikuwa na njia tatu za kurekebisha mshale na sikutumia hata moja, kwa sababu haukuhitaji. Lakini anayeongeza zaidi ya asilimia 4 azijue. Magari ya zamani yenye kebo yana gia ndogo ya plastiki kwenye giaboksi au transfa (sanduku linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma). Tairi likiwa kubwa, unatafuta gia yenye meno machache ili izunguke haraka zaidi. Kwenye magari ya sensa kuna kisanduku cha elektroniki kinachokatiza waya wa ishara na kuongeza asilimia unayoipanga. Hapo fundi wa umeme awe na mchoro wa waya, maana ishara hiyohiyo mara nyingi inakwenda pia kwenye kompyuta ya injini na giaboksi ya otomatiki. Akikata mahali pasipo, gia zitabadilika ovyo na taa ya injini itawaka. Magari mapya mengine hubadilishwa kwa programu: Ford Ranger, kwa mfano, unaingiza mzingo wa tairi kwa milimita kupitia FORScan. Ingiza mzingo uliopima kwa chaki, si wa kwenye hesabu.

Kinachosahauliwa ni odometa, kile kihesabio cha kilomita. Mshale umetiwa chumvi makusudi, odometa kwa kawaida haikutiwa. Kwa hiyo tairi linalonyoosha mshale linaharibu kilomita. Kwenye safari ya kilomita 100 za GPS, odometa yangu ilisoma 101 na kidogo kwa matairi ya zamani. Kwa mapya inasoma karibu 97. Ukimwaga oili kila kilomita 5,000, sasa mwaga odometa ikiongeza 4,835. Mafuta nayo: lita 60 kwa kilomita 500 za dashibodi zinaonekana kama 8.3 kwa lita, kumbe gari limetembea 517, yaani 8.6. Kuna watu wanauza matairi mazuri kwa kudhani yanakunywa mafuta, na kosa lilikuwa la kugawanya. (Tairi kubwa zito linaweza kweli kuongeza ulaji, ila zidisha kwa 1.034 kwanza ndipo ulaumu.)

Nunua matano, si manne. Prado ina 4WD ya muda wote, na spea ya saizi ya zamani ikifungwa inalazimisha difu ya kati, iliyo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kuzunguka safari nzima, huku ABS (mfumo wa kuzuia breki zisifunge gurudumu) ikiona gurudumu moja lina kasi kuliko mengine na kuwasha taa. Nilipofunga mapya, tairi la spea la 265/65 nililiuza, na rimu yake ikavaa tairi la tano la 265/70. Kila kilomita 10,000 nalizungusha pamoja na mengine ili kashata ziishe sawa.