Siku Tuliyoivuka Ghuba ya Kigoma

Klabu ya makasia ya shule yetu haikuwa na chombo chake hata kimoja. Mitumbwi ya mashindano tuliiazima kwa wavuvi, na ndiyo sababu shule za mwambao zilipatana kushindana siku za mbalamwezi: dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu taa haziwavuti tena, kwa hiyo vyombo hulala ufukoni. Tulipokabidhiwa chetu kule Kibirizi, magamba ya dagaa yalikuwa bado yameganda kwenye mbao, na kidumu kilichokatwa cha kutolea maji kilikuwa kimefungwa kwa kamba nyuma.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametueleza kwamba katika Olimpiki wapiga makasia wanane huupa mgongo mwelekeo wa safari, na mtu wa tisa, asiyepiga kasia, hutazama mbele, huongoza chombo na kutoa mwito kwa umbali wote wa mita 2,000. Sisi tulitazama mbele kama wavuvi, lakini mtu wa tisa tulimchukua: msichana wa kidato cha pili, mwembamba, mwenye sauti ya kupasua upepo. Wapo walionung'unika kwamba tunabeba uzito wa bure. Mimi naamini mpaka leo kwamba bila yeye tusingeshinda.

Aliyetunoa hasa alikuwa mvuvi mstaafu wa Katonga, ambaye sote tulimwita Babu. Hakumpokea asiyejua kuogelea, kwa kuwa ziwa hili, ambalo kina chake hufikia mita 1,470, huzama ghafla karibu na ufuko. Kuliko nguvu, alisisitiza makasia yaingie majini pamoja na yatoke pamoja, maana kasia moja likichelewa huyazuia mengine. "Mkono mmoja, wanangu," alikuwa akisema, "mkono mmoja!"

Tulikuwa wa tatu tulipofika katikati ya ghuba, na hapo upepo wa kusini ukatupiga usoni. Waliotutangulia waliharakisha mapigo. Makasia yao yakaanza kugongana na maji yakawaingilia. Msichana wetu alipunguza mwito, akakiongoza chombo kiyapande mawimbi kwa mshazari. Muda wote ule nilichokiona ni mgongo wa mwenzangu wa mbele, shati limemganda kwa maji, bega lake likiinuka sawasawa na langu. Wa pili tulimpita bila mimi kumwona. Wa kwanza tulimfikia karibu kabisa na Bangwe, changarawe za chini zikiwa zimeanza kuonekana, tukagusa ufuko tukiwa tumemzidi kwa nusu mtumbwi.

Lilikuwa kombe la kwanza la klabu yetu. Mkuu wa shule alipomwendea Babu kumwamkia na kumshukuru, mzee aliitikia "Marahaba", kisha akasema shukrani angezipokea pale wasichana watakapopewa mtumbwi wao. Mkuu alikubali palepale mbele ya wazazi, na muhula uliofuata yule msichana akawa nahodha wa kikosi cha kwanza cha wasichana, ambacho katika mashindano yake ya kwanza kilishika nafasi ya pili.